Nguvu na Deni Lake

Vitu vinavyotamaniwa na vijana ni vingi, lakini ukivichunguza utaona kwamba aghalabu vyote ni nguvu ya namna moja au nyingine. Mwenye mwili dhaifu hutamani misuli, mwenye mali haba hutamani fedha, na asiye na cheo hutamani amri. Tamaa hii ni ya zamani kama mwanadamu mwenyewe. Baadhi ya wenye hekima wameilaumu, wakasema kwamba ndiyo mzizi wa dhuluma. Wengine wameisifu, wakasema kwamba pasipo tamaa hii tungali tukiishi mapangoni. Basi kijana ashike lipi? Je, ni haki mtu kutamani nguvu zaidi ya ile aliyo nayo? Na kama ni haki, ni kwa sharti gani?

Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa mifano ya wafalme na majemadari. Mimi napenda kulijibu kwa mfano wa injini ya gari, na sababu ninayo. Mfalme huwa na washairi wa kumsifu na maadui wa kumkashifu, na miaka mingi ikipita ni vigumu kujua ukweli wa mambo yake. Injini haina mshairi wala adui. Ikitendewa sawasawa hufanya kazi, na ikitendewa vibaya huvunjika. Haimwonei mtu haya wala haimpendelei. Tena, wengi kati ya wasomaji wa kitabu hiki wamewahi kusimama mlangoni mwa gereji, wakamtazama fundi akifungua injini, wakatamani siku moja wawe na gari lenye kuyapita magari yote. Tamaa yao ni ile ile ya majemadari, ila imevaa nguo za fundi.

Yafaa kwanza tujue nguvu ya injini inatoka wapi. Watu wengi hudhani kwamba inatoka katika petroli peke yake. Lakini petroli haiwezi kuwaka bila ya hewa, na hewa inayotakiwa ni nyingi kupita vile mtu anavyofikiri: ili gramu moja ya petroli iungue barabara, zinahitajiwa gramu karibu 15 za hewa. Pistoni ishukapo ndani ya silinda huvuta hewa na petroli, ipandapo huzishindilia, plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka, na gesi yenye moto ikaisukuma pistoni chini, kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Hizo ndizo hatua nne, nazo hurudiwa mamia na hata maelfu ya mara kwa dakika moja. Kumimina petroli zaidi si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kupata pumzi, maana injini ya kawaida haiwezi kujaza silinda zake kwa hewa zaidi ya ile inayosukumwa na anga.

Sisi wa Kenya tunao ushahidi wa jambo hili karibu nasi. Mombasa iko katika usawa wa bahari, na Nairobi iko juu kwa kiasi cha mita 1,700. Huko juu mgandamizo wa hewa ni kama sehemu nne kwa tano za ule wa pwani. Gari la kawaida linalopumua vizuri Mombasa hupungukiwa na pumzi lifikapo Nairobi, na likiendelea kupanda hata Timboroa, penye mita zaidi ya 2,700, hupungukiwa zaidi. Dereva hakufanya kosa lolote, wala injini haikuharibika. Wahenga walilijua jambo hili kabla ya magari kuletwa, wakasema kwamba nguvu ya mamba ni maji.

Mtu aliyekataa kuridhika na pumzi hiyo ni mhandisi wa Uswisi jina lake Alfred Büchi. Aliona kwamba sehemu kubwa ya joto la mafuta, karibu theluthi moja, hutoka pamoja na moshi na kupotea hewani. Mwaka 1905 alisajili uvumbuzi wake. Aliweka gurudumu dogo lenye mapezi katika njia ya moshi, likazungushwa na moshi ule ule uliokuwa ukitupwa. Katika ncha ya pili ya mhimili wa gurudumu hilo akaweka gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Mtambo huu ndio unaoitwa turbo. Miaka karibu 20 ilipita kabla haujafanikiwa sawasawa. Katika miaka ya 1920 ulifungwa katika injini za dizeli za meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, na nguvu ya injini ikapanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hata 2,500. Kabla ya hapo, mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss wa Marekani alikuwa ameipeleka injini ya ndege iitwayo Liberty juu ya mlima Pikes Peak, wenye urefu wa mita 4,300. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 katika usawa wa bahari ilitoa 230 tu kileleni. Alipoifunga turbo, ilitoa 356 pale pale kileleni.

Tusiipite habari hii mbio, kwani ndani yake mna jibu la nusu ya swali letu. Büchi alitamani nguvu zaidi, lakini hakumnyang'anya mtu kitu. Alikiokota kilichokuwa kikitupwa, akakirudisha kazini. Hivi leo malori makubwa yanayopanda kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Nairobi na Malaba, yamebeba unga, saruji na dawa, karibu yote yanatumia mtambo wa namna hii. Na magari mengi madogo ya siku hizi yamepewa injini ndogo zenye turbo ili yafanye kazi iliyokuwa ikifanywa na injini kubwa, kwa mafuta machache zaidi. Hatuwezi kusema kwamba kutamani nguvu ni ubaya, maana tukisema hivyo tutakuwa tumelilaani lori linalotuletea chakula. Nusu ya kwanza ya jibu ni kwamba tamaa ya nguvu yaweza kuwa halali.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Ili tuipate, na tumfuate fundi anayetaka kuongeza nguvu ya injini ambayo haikuundwa kwa ajili ya turbo.

Jambo la kwanza atakaloliona ni kwamba gurudumu la turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena ndani ya moshi ambao katika injini ya petroli waweza kufikia joto la nyuzi 900 na zaidi. Mhimili wake huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichafuka au ikipungua, turbo hufa. Hata baada ya safari ya kasi yampasa dereva aiache injini iendelee kuzunguka polepole kwa kitambo kabla ya kuizima, ili oili iliyosimama ndani ya turbo isiungue na kuwa kaa.

Jambo la pili ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto. Hewa ya kawaida ikishindiliwa hata mgandamizo wake uwe maradufu, joto lake hupita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, nayo huleta hatari. Kwa hiyo fundi hana budi kuweka kipoza hewa kati ya turbo na injini. Jambo la tatu ni kwamba hewa zaidi inadai petroli zaidi, yaani pampu kubwa zaidi na vinyunyizio vikubwa zaidi. Petroli ikipunguka katika kiasi chake hali injini inafanya kazi kwa nguvu zote, joto hupanda hata pistoni yenyewe yaweza kuyeyuka.

Jambo la nne ndilo linaloogopwa na mafundi kuliko yote, nalo ni injini kugonga. Mchanganyiko ulioshindiliwa kupita kiasi, tena ukiwa na joto, hauungojei moto wa plagi uufikie. Hulipuka wenyewe kwa ghafula, na mlipuko huo huipiga pistoni mfano wa nyundo. Ili kuuzuia, fundi hupunguza kiwango cha kushindilia ndani ya silinda, huchelewesha cheche kidogo, na hutafuta petroli bora. Kisha huzitoa pistoni za kumiminwa na kutia za kufuliwa, hubadilisha konrodi, huweka bolti imara za kukazia kichwa cha injini pamoja na gaskiti yenye kustahimili. Akimaliza injini atakuta kwamba rejeta haitoshi, klachi inateleza, na giaboksi inalia. Akimaliza hayo yote bado breki na matairi vinamngoja. Gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa halina mwendo mara mbili tu ya lile linalokwenda 50. Kani iliyomo ndani yake ni mara nne, na breki inatakiwa kuimaliza yote.

Kwa hiyo fundi aliyeongeza nguvu mahali pamoja ameongeza mzigo mahali kumi. Mzigo huo ndio ninaouita deni. Kila nguvu mpya huja na deni lake, nalo laweza kulipwa mapema au kulipwa baadaye, lakini halisamehewi.

Tufikiri sasa kwamba mafundi wawili wamepewa magari mawili ya namna moja. Fundi wa kwanza anafunga turbo, anakaza skrubu ya kuongeza mgandamizo, na jioni analirudisha gari kwa mwenyewe. Fundi wa pili anakaa na gari majuma kadhaa. Anaanza chini, kwenye konrodi na beringi, anapanda pole pole, na turbo anaifunga karibu na mwisho. Siku ya kwanza barabarani magari haya mawili yanakwenda sawa. Huenda hata la fundi wa kwanza likawa mbele. Kwa kipimo cha siku ile, fundi wa kwanza ndiye bora, na malipo yake ni madogo. Watu watamsifu, na wa pili watamwita mzembe. Lakini siku moja ya jua kali, gari likiwa limejaa watu na mlima ukiwa mrefu, deni la gari la kwanza litadaiwa lote kwa mara moja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapa pana jambo la kutafakari. Kosa la fundi wa kwanza halikuwa kutaka nguvu, kwa maana fundi wa pili naye aliitaka. Kosa lake lilikuwa kuipima nguvu kwa sehemu moja iliyo bora, na kuusahau ule ukweli kwamba kitu kizima hakina nguvu kupita sehemu yake iliyo dhaifu. Alimpa mwenye gari nguvu ya kuonekana, akamficha deni. Na kuficha deni ni aina ya uongo, hata kama hakuna neno moja la uongo lililotamkwa.

Yawezekana pia kuificha hatari bila ya nia mbaya. Mwaka 1962 kiwanda cha Oldsmobile cha Marekani kilitoa gari liitwalo Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza yenye turbo kuuzwa kwa watu wa kawaida. Wahandisi wake walijua hatari ya injini kugonga, wakatengeneza tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, ili yanyunyizwe ndani na kuipoza hewa. Tangi likikauka, mtambo ulipunguza nguvu wenyewe ili kuilinda injini. Wazo lilikuwa zuri, lakini wenye magari wengi walisahau kulijaza tangi, kisha wakanung'unika kwamba gari limekuwa dhaifu. Mwaka 1963 utengenezaji wake ulikwisha, na baadaye magari mengi yaliondolewa turbo yakatiwa kabureta ya kawaida. Wahandisi wale walikuwa wamepima nguvu ya chuma kwa uangalifu, lakini tabia ya mwanadamu, ambaye hupenda nguvu na kuchoshwa na matunzo yake, hawakuipima vya kutosha. Mwenye kumpa mtu nguvu hana budi kujiuliza kama mtu huyo ataweza kuitunza.

Najua kwamba kijana hodari atanipinga. Atasema, «Mwalimu, ukimtisha mtu kwa madeni hatathubutu kitu. Waliotuletea maendeleo ni wale waliothubutu.» Pingamizi hili lina haki ndani yake, na sitalikwepa.

Mwaka 1977 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilipeleka Silverstone, Uingereza, gari la mashindano ya Formula 1 lenye injini ya turbo ya lita moja na nusu, kushindana na magari yenye injini za lita tatu. Liliharibika mara nyingi, likatoa moshi mbele ya watu, hata likapewa jina la dhihaka, birika la chai la manjano. Renault hawakukata tamaa. Mwaka 1979 gari lao lenye turbo, likiendeshwa na Jean-Pierre Jabouille, lilishinda katika nchi yao wenyewe huko Dijon, na waliokuwa wakicheka wakaanza kutafuta turbo zao. Mwaka 1983 Nelson Piquet alikuwa bingwa wa dunia kwa gari la Brabham lenye injini ya BMW ya turbo, ambayo bloku yake ilitokana na ile ya gari la kawaida la barabarani. Kama Renault wangaliogopa aibu, ujuzi mwingi wa turbo tulio nao leo ungalichelewa. Ushujaa wao nausifu, na sababu ya kuusifu ni kwamba deni walililipa wenyewe. Zilizovunjika zilikuwa injini zao, fedha zilitoka mifukoni mwao, na kicheko kiliwaangukia wao.

Lakini tamaa haikukoma hapo. Kufikia mwaka 1986 injini hizo ndogo za lita moja na nusu, katika mbio fupi za kupanga nafasi za kuanzia, zilikuwa zikitoa zaidi ya nguvu za farasi 1,000. Injini ya namna hiyo iliundwa kwa ajili ya mizunguko michache tu, kisha ikawekwa kando. Ngoma ivumayo haidumu. Wasimamizi wa mashindano wakaingilia kati. Mwaka 1987 mgandamizo wa turbo uliwekewa mpaka wa bar 4. Mwaka 1988 mpaka ukashushwa hata bar 2.5, na petroli ya mashindano kwa gari lenye turbo ikawa lita 150 tu. Wengi walidhani kwamba turbo imekwisha. Mwaka huo huo magari ya McLaren yenye injini ya turbo ya Honda yalishinda mashindano 15 kati ya 16. Wengine walipoona mpaka kuwa adui, wahandisi wa McLaren na Honda waliufanya kuwa mwalimu, wakajifunza kutoa kazi katika kila tone la petroli. Turbo ilikatazwa kabisa kuanzia mwaka 1989, ikarudishwa mwaka 2014. Lakini mwaka 1988 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mpaka hauui ujuzi. Mara nyingi huunoa.

Sasa tutoke katika viwanja vyenye uzio tuingie katika barabara za watu, maana huko ndiko deni linakokuwa zito. Miaka hiyo hiyo yalikuwako mashindano ya magari ya safari ndefu, na kundi lililoitwa B liliruhusiwa nguvu kubwa sana. Gari la Lancia Delta S4, lenye uzito wa chini ya tani moja, lilikuwa na karibu nguvu za farasi 500. Mwezi Machi mwaka 1986, huko Ureno, gari la kundi hilo liliacha njia likawaingia watazamaji waliojipanga kando ya barabara. Watatu wakafa na wengi wakaumia. Tarehe 2 Mei mwaka huo, katika kisiwa cha Corsica, dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliteketea pamoja na Lancia yao iliyotumbukia bondeni. Kundi B likakatazwa kuanzia mwaka 1987. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Dereva alijua hatari na aliichagua. Lakini mtazamaji aliyesimama kando ya njia, hata kama alikosa busara kwa kusogea mno, hakuwa na sehemu katika fahari ya ushindi. Alipewa sehemu katika malipo tu.

Hapo ndipo ninapouona mpaka wa haki. Mtu anayetafuta nguvu kwa hatari yake mwenyewe twaweza kumwita jasiri au mpumbavu, kwa kadiri ya mambo yalivyo. Mtu anayetafuta nguvu na kumwachia mwingine alipe deni lake, bila ya mwingine huyo kukubali, ni dhalimu, hata akiwa na kipaji kikubwa namna gani, na hata asipokusudia ubaya.

Mwaka huo huo wa 1986, kati ya msiba wa Ureno na ule wa Corsica, mashindano ya Safari yalifanyika hapa kwetu Kenya wakati wa Pasaka. Yalikuwa ya zaidi ya kilometa 4,000 katika vumbi, matope na mawe. Walikuwako washindani wenye magari yenye nguvu zaidi, tena yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Mshindi alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, katika Toyota Celica yenye turbo iliyoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Gari la namna hiyo hiyo lilikuwa limeshinda mwaka 1984 na mwaka 1985 pia. Lilikuwa na nguvu, lakini nguvu yake ililingana na chuma chake, na chuma chake kililingana na barabara zetu. Katika safari fupi huenda lingalishindwa. Katika safari ndefu, gari lenye kufika ndilo lenye kasi.

Maisha ya mtu ni safari ya namna hiyo, nayo si ya siku moja. Mwanafunzi anayemeza maneno ya kitabu usiku wa kuamkia mtihani amekaza skrubu bila ya kubadilisha konrodi. Huenda akafaulu kesho, lakini somo litakalofuata litamdai msingi ambao hakuujenga. Mwanariadha anayetumia dawa zilizokatazwa ameushindilia mwili wake kupita chuma chake, tena amewaibia wenzake waliokimbia kwa haki. Kijana anayepewa cheo kabla hajajifunza kusikiliza shauri ana injini kubwa na breki ndogo, na wanaopanda gari lake ni raia. Katika mifano hii yote hatuikatai elimu, wala ushindi, wala cheo. Twauliza tu kama mahali pa kuvibebea pametengenezwa.

Yako pia maswali ya mpaka. Turbo nyingi zilizotengenezwa vizuri zina kilango kidogo. Mgandamizo ukifika kipimo chake, kilango hufunguka na kuupitisha moshi pembeni, ili gurudumu lisizidi kuzunguka. Hakuna fundi mwenye akili anayesema kwamba kilango hicho kinaionea injini. Hapa Kenya, kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliamuru matatu zifungwe vidhibiti mwendo ili zisipite kilometa 80 kwa saa, na abiria wafungwe mikanda. Wako madereva waliolalamika kwamba wananyimwa uhuru wao. Lakini kidhibiti mwendo ni kilango kilichowekwa na sheria kwa ajili ya dereva ambaye hakuweka kilango chake mwenyewe. Sheria huja pale ambapo adabu imechelewa. Mtu aliyejijengea kipimo ndani ya moyo haoni uzito wa kipimo cha serikali, kwa kuwa amekwisha kukifuata kabla hakijaandikwa.

Basi turudi kwenye swali letu. Je, ni haki kutamani nguvu zaidi? Jibu langu ni kwamba ni haki, kwa masharti matatu ambayo kila kijana aweza kujiuliza. Kwanza, nguvu hii inatoka wapi? Ikiwa inatoka katika kitu kilichokuwa kikipotea bure, kama wakati wako, kipaji chako kilicholala, au jitihada ambayo hukuwahi kuitoa, ni ya halali kama nguvu ya moshi wa Büchi. Ikiwa inatoka katika kumdhoofisha mwingine, iache. Pili, ni sehemu gani ndani yangu itakayoubeba mzigo wake, na je, nimeiimarisha? Ikiwa hujaiimarisha, anza huko chini kabla ya kukaza skrubu ya juu, na usione haya kuitwa mzembe. Tatu, deni likidaiwa, ni nani atakayelilipa? Ikiwa ni wewe peke yako, fikiri kisha uamue. Ikiwa ni abiria wako, mama yako, mwenzako wa darasa, au mpita njia asiyekujua, huna ruhusa ya kuamua peke yako.

Wako watakaosema kwamba maswali haya yatamchelewesha kijana. Ni kweli, yatamchelewesha kidogo, kama vile fundi wa pili alivyochelewa majuma kadhaa. Lakini gari lake lilipotoka, mwenyewe aliweza kupakia watoto wake ndani na kuupanda mlima wakati wa jua kali, bila ya kusikiliza kwa hofu kila sauti ya injini.